Dirisha la Gari Kufunga Chwaa Kama Umeme: Inawezekana ama ni Uongo wa Video? Tumepiga Hesabu Yote

Hili swali halikosi mahali wapenda magari wamekutana, iwe ni kwa base ya mafundi Kitengela ama kwa car wash ya Kajiado town. Je, fundi mjanja anaweza kuchezea mlango wa ndai yako hadi kioo kipande chwaa, kabla hata hujapepesa jicho? Kuna msee ataapa ameona video. Mwingine atakuambia hiyo ni editing, wacha kudanganywa.

Leo tunamaliza huo ubishi. Hatutumii stori za mtaa, tunatumia hesabu ambayo hata wewe unaweza kurudia kwa kalkuleta ya simu.

Jibu la haraka kwa wale hawana time

Ndio, inawezekana. Hakuna sheria ya fizikia inayosema kioo cha kilo tatu na nusu hakiwezi kupanda sentimita 45 kwa sehemu ya kumi ya sekunde.

Lakini kutoka "inawezekana" hadi "niwekee kwa gari" kuna vitu vitatu vimesimama njiani: umeme wa gari lako, kioo chenyewe, na kidole cha mtoi aliyekaa nyuma. Cha kwanza kinanunulika ukiwa na doo. Cha pili kinataka ufundi wa hali ya juu. Cha tatu hakina spea.

Kwani nani anataka dirisha la haraka hivyo?

Watu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wa sifa. Hii ni nchi ya nganya zenye skrini, graffiti na muziki wa kutikisa kifua, kwa hivyo mtu akitaka dirisha linalofunga kama mlango wa sinema ya maajabu, usishangae. Ni starehe zake.

Wa pili ana sababu nzito: simu. Jioni kwa jam ya Athi River kuelekea Kite, jua bado linachoma, umezima AC uokoe mafuta, madirisha yako wazi. Mkono unaingia, simu inaenda. Ndio maana mtu anajiuliza: kama kioo changu kingefunga kwa nusu sekunde, si ningemnasa? Weka hilo swali kando kidogo, tutalirudia, na jibu lake huenda likakushangaza.

Ndani ya mlango kuna nini?

Fundi akitoa ile plastiki ya ndani ya mlango, utaona vitu vichache tu. Kuna mota ndogo ya volti 12. Kuna gia. Kuna waya za chuma ama mikono ya chuma inayoinua kioo. Halafu kuna reli mbili zenye raba, ambazo kioo kinateleza ndani yake.

Mota yenyewe si polepole. Inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kinachoipunguza ni gia yenye umbo la skrubu, ambayo inakata hiyo kasi mara makumi ili ipate nguvu ya kusukuma kioo dhidi ya raba.

Hiyo gia watu huilaumu bure, kwa sababu ina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui: ni kufuli. Mota inaweza kuzungusha gia, lakini gia haiwezi kuzungusha mota. Ndio maana mtu akisimama nje na kusukuma kioo chako chini kwa viganja, hakishuki. Huo upole wa dirisha lako ni sehemu ya usalama wa gari.

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kuuza magari yenye madirisha ya kujiendesha mwaka wa 1940. Zaidi ya miaka 80 imepita, na dirisha la kawaida bado linachukua sekunde 3 hadi 5 kupanda. Watengenezaji hawajalala. Kuna sababu.

Hesabu: cheki hapa pole pole

Chukua mlango wa mbele wa saluni ndogo. Kioo kina upana wa kama sentimita 80, kimo cha sentimita 45 na unene wa milimita 4. Mita moja ya ujazo ya kioo ina kilo kama 2,500. Ukizidisha, unapata kilo 3.6.

Kukibeba hicho kioo dhidi ya mvutano wa dunia kunataka nguvu ya newtoni 35. Raba nazo zinakikwaza. Tuchukulie newtoni 80. Unaona? Kwa dirisha la kawaida, adui mkubwa si uzito wa kioo, ni raba. Tuchukulie pia kwamba robo tu ya umeme unaoingia kwa mota ndio unafika kwa kioo, kwa sababu ile gia ya skrubu inakula nguvu sana.

Haya sasa:

- Sekunde 4 (kawaida). Kioo kinapanda sentimita 11 kwa sekunde. Mota inakula kama wati 50, yaani ampea 4 na kitu. Hakuna stress.

- Sekunde 1. Hapa kioo lazima kiongeze kasi hadi katikati ya njia, kisha kipunguze ili kisigonge juu. Katikati kinafika mita 0.9 kwa sekunde. Mota inataka kama wati 440 kwa kilele, ampea 36. Fyuzi ya madirisha kwa magari mengi ni ya ampea 20 hadi 30. Ushapita.

- Nusu sekunde. Kasi ya katikati ni mita 1.8 kwa sekunde. Unataka wati 1,000 hivi, ampea 85. Hiyo ni kama kuchomeka pasi ya nguo ndani ya mlango wa gari.

- Sehemu ya kumi ya sekunde. Hii ndio ile ya video. Kioo lazima kifike mita 9 kwa sekunde katikati ya njia. Hiyo ni kilomita 32 kwa saa, kasi ya bodaboda ndani ya estate, lakini iko ndani ya mlango wako. Nguvu inayotakiwa ni newtoni 760, kama kubeba mtu mzima wa kilo 77. Hata tukifuta hasara yote ya gia, ni wati 6,900, ampea 570. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 100 hadi 200. Yaani dirisha moja tu linataka umeme wa stata tatu ama zaidi kwa mpigo.

Angalia hiyo list inavyopanda. Ukikata muda kwa nusu, nguvu ya kusukuma uzito wa kioo haipandi mara mbili, inapanda mara nne. Na wati za hiyo kazi zinapanda mara nane. Ndio maana kutoka sekunde 4 hadi sekunde 1 ni mchezo, lakini kutoka nusu sekunde kushuka ni vita.

Ilishafanyika, tena kitambo

Kuna gari moja lililopata umaarufu kwa madirisha yake: Mercedes-Benz 600, iliyotengenezwa kuanzia 1963 hadi 1981. Zilitoka 2,677 pekee, na nyingi zilienda kwa marais, wafalme na mastaa. Mobutu wa Zaire alikuwa nayo. Idi Amin pia. Na Mzee Jomo Kenyatta hakuachwa nyuma.

Hiyo gari haikutumia mota ndogo kwa kila mlango. Ilikuwa na pampu inayosukuma mafuta kwa presha ya kama bar 150. Tairi ya gari lako ina bar 2 na kitu, kwa hivyo hapo tunaongea presha ya zaidi ya mara 60. Mafuta hayo ndiyo yaliyoinua madirisha, yakasogeza viti na kufunga buti. Kadiri ulivyobonyeza swichi kwa nguvu, ndivyo kioo kilivyokimbia, na bila kelele ya mota.

Somo ni gani? Kwamba kasi haikuwahi kuwa tatizo la sayansi. Zaidi ya miaka 60 iliyopita watu walikuwa na nguvu ya kuzidi mota yako. Lakini enzi hizo hakukuwa na sensa ya kurudisha kioo kikikuta mkono. Ukiweka mkono, ni shauri yako na ya mkono wako.

Fundi wa jua kali anaweza kukufanyia nini?

Kuna njia nne ambazo utasikia. Tuzipitie moja moja.

*1. Relei.* Kwa gari kuukuu, umeme wa dirisha unapitia swichi iliyochakaa na waya nyembamba, na volti zinapotelea njiani. Fundi akiweka relei ili mota ipate umeme moja kwa moja kutoka kwa betri kupitia fyuzi yake, kioo kinarudi kuwa na nguvu. Hii ni kazi halali. Lakini inakurudishia kasi ya kiwandani tu, haikupi maajabu. Unaweza kujaribu wazo hili bure: pandisha kioo injini ikiwa imezimwa, halafu pandisha tena injini ikinguruma. Utaona tofauti, kwa sababu alteneta inasukuma volti kama 14 badala ya 12.

*2. Volti 24.* Malori makubwa yanayopita Namanga Road yanatumia mfumo wa volti 24. Ukilisha mota ya volti 12 na volti 24, kasi inakaribia mara mbili. Sekunde 4 zinakuwa 2. Shida ni joto. Kioo kikifika juu na mota ikwame, umeme mara mbili unapita kwenye waya zilezile, na joto linapanda mara nne. Makaboni yanaungua, plastiki inayeyuka. Utafurahia wiki moja, halafu dirisha likwame likiwa chini siku ya mvua.

*3. Kubadilisha gia.* Ukiweka gia nyepesi, kioo kinakimbia. Lakini unakumbuka ile kufuli? Imeenda. Sasa mtu yeyote anaweza kushusha kioo chako kwa viganja gari likiwa limeegeshwa. Umelipa fundi akufungulie gari.

*4. Hewa.* Hii ndio njia inayoweza kufika ile sehemu ya kumi ya sekunde. Mabasi na malori yenye breki za hewa hubeba presha ya kama bar 8. Silinda ya hewa yenye kipenyo cha sentimita 5 tu kwa presha hiyo inasukuma kwa zaidi ya newtoni 1,500, mara mbili ya zile 760 tunazohitaji. Ukipata vali kubwa na tangi karibu, kioo kitaruka. Kwa hivyo msee akikuambia ameona dirisha la hewa likifunga kama mtego wa panya, usimcheke. Inawezekana kabisa.

Kitu kimoja usikubali kwa bei yoyote: fundi akitoa fyuzi ya ampea 30 aweke ya 60, ama waya iliyokunjwa, na aache waya zilezile za zamani. Fyuzi ipo ili iungue kabla ya waya. Ukiifanya iwe ngumu kuliko waya, basi waya ndiyo itaungua, na iko ndani ya mlango, karibu na kiti chako.

Kioo nacho kina maoni yake

Watu wa Kajiado wana haki ya kuongea kuhusu kioo. Kioo cha dirisha hutengenezwa kwa mchanga, chokaa na magadi. Magadi ndiyo hufanya mchanga uyeyuke kwa joto la chini zaidi, na yanavunwa Ziwa Magadi, ndani ya kaunti hii hii, ambako kampuni ya Magadi Soda ilianza mwaka wa 1911. Siku hizi inaitwa Tata Chemicals Magadi. Na pale pembeni ya Nairobi National Park kuna Kitengela Glass, iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, ambako vioo hupulizwa kwa mdomo kama puto.

Kioo cha kupulizwa hupozwa pole pole ili kisipasuke. Cha mlango wa gari ni kinyume: kinapashwa moto kupita nyuzi 600, kisha kinapigwa na hewa baridi ghafla. Ngozi ya nje inajibana, na hapo kinakuwa kigumu mara kadhaa kuliko kioo cha nyumba. Kikivunjika kinakuwa punje ndogo ndogo badala ya visu.

Lakini ugumu wake una sehemu dhaifu, nayo ni ukingo. Unaweza kugonga katikati ya kioo bila shida, lakini kigonge ukingoni na kitu kigumu, kinamwagika chote mara moja. Sasa fikiria kioo kinachopanda kwa kilomita 32 kwa saa: kitafika juu kikitanguliza nini? Ukingo. Usipokuwa na mfumo wa kukipunguzia kasi kabla hakijafika kwa raba, utafunga dirisha mara moja tu, halafu ufagie. Na zile plastiki zinazoshika kioo chini, ambazo huvunjika hata kwa matumizi ya kawaida, hazikutengenezwa kwa newtoni 760.

Kidole cha mtoi ndicho kinamaliza hii stori

Kwa kasi ya kawaida, kioo chenyewe hakina mgongo. Nishati yake ya mwendo ni kama juli 0.02, kidogo sana. Hatari ya dirisha la kawaida haiko kwenye kugonga, iko kwenye kubana: mota inaendelea kusukuma hata baada ya kukuta shingo ama vidole.

Ndio maana sheria za Marekani na za Umoja wa Mataifa kuhusu madirisha ya gari zinasema kioo kinachojifunga chenyewe, bila mtu kushikilia swichi, lazima kirudi kabla ya kubana kwa nguvu ya kupita newtoni 100. Hiyo ni kama uzito wa kilo 10. Gari hujua kwa kuangalia mota: ikipunguza mwendo mahali haikutarajiwa, inageuza.

Sasa ongeza kasi uone. Tuseme sensa na mota zinahitaji sehemu ya 50 ya sekunde ili kusimamisha kioo. Dirisha la kawaida litasonga milimita 2 kwa huo muda. Kidole kitauma kidogo, basi. Dirisha la sekunde 1 litasonga karibu sentimita 2, ambayo tayari imepita unene wa kidole cha mtoto. La nusu sekunde, sentimita 3.6. Lile la sehemu ya kumi litasonga sentimita 18. Hapo sensa haina kazi tena. Ajali imeisha kabla kompyuta haijajua imeanza.

Na nishati? Kwa dirisha la sehemu ya kumi, ni juli 146. Hiyo ni sawa na ndoo ya lita 10 ya maji kuanguka kutoka mita moja na nusu, lakini yote inatua kwenye ukingo wa milimita 4. Hatuendelei hapo, wengine mnakula.

Kwa hivyo watengenezaji hawakushindwa kuongeza kasi. Walichagua ile kasi ambayo sensa bado inaweza kuwahi kidole. Zile sekunde 4 zinazokuboesha zimepimwa kwa mwili wa binadamu.

Sasa, lingemnasa mwizi wa simu?

Tulisema tutarudi hapa. Jibu ni hapana, hata kama kioo kingefunga kwa sekunde sifuri.

Mkono wa mtu unaweza kwenda mita 2 kwa sekunde bila kujisumbua. Kutoka nje ya mlango hadi kwa simu yako ni kama nusu mita, kwa hivyo ni robo ya sekunde. Wewe nawe, hata ukiwa umekaa ukingoja, ubongo wako unahitaji kama robo ya sekunde kuona na kubonyeza. Ukiwa hujatarajia, umeangalia WhatsApp, inafika sekunde nzima ama zaidi. Polepole si dirisha, ni wewe.

Halafu jiulize ni mikono gani huingia kwa dirisha lako kwa jam. Mingi si ya wezi. Ni ya mama wa ndizi, kijana wa maji na njugu, mtu anayekurudishia chenji. Ukibonyeza kwa hofu, utamkata asiye na hatia, na hapo kesi si ya simu tena.

Utajuaje video ni ya uongo?

Video nyingi za simu hurekodi picha 30 kwa sekunde. Dirisha la sehemu ya kumi litapita kwa picha 3 tu. Kwa hivyo simamisha video na uisogeze picha kwa picha, ukiangalia haya:

- Ukingo wa kioo lazima uonekane kama ukungu, kwa sababu unasonga sentimita nyingi ndani ya picha moja. Ukionekana safi kila mahali, shuku.
- Angalia vitu vingine. Kama majani, nguo ama watu wa nyuma nao wanasonga kwa haraka isiyo ya kawaida, video imeharakishwa.
- Sikiliza. Mota ikiharakishwa kwa kompyuta, sauti yake inakuwa nyembamba kama ya mbu. Dirisha la hewa la ukweli lina mlio wa "psss" na kishindo.
- Mlango wenyewe lazima utikisike. Newtoni 760 hazipiti kimya kimya.

Badala ya maajabu, rudisha kasi uliyonunua

Wengi wanaolia dirisha ni polepole hawahitaji kuongezewa kitu. Vumbi la huku ni noma: barabara za udongo Kitengela, machimbo, malori ya simiti ya Athi River. Lote linaingia kwa zile reli za raba, linakuwa msasa. Mota inasukuma mara mbili kwa kioo kilekile. Fanya hivi:

1. Shusha kioo, safisha reli za raba kwa kitambaa chembamba chenye maji na sabuni kidogo. Acha zikauke.
2. Puliza silikoni ya kopo kwenye reli. Usipake grisi ama mafuta ya injini, yanashika vumbi na kuharibu raba.
3. Kama bado ni polepole, mwambie fundi apime volti zinazofika kwa mota kabla hajakuuzia mota nyingine. Mara nyingi ni swichi.
4. Jaribu kama dirisha lako linarudi likibana. Usitumie mkono! Weka tango ama tishu iliyoviringwa. Magari mengi yaliyotoka Japani yana huo uwezo kwa dirisha la dereva pekee. Yale ya nyuma, pale watoi hukaa, hayana.
5. Ukibadilisha betri, magari mengi husahau mahali kioo huishia, na kile kipengele cha kujifunga na kurudi hukataa kufanya kazi hadi ukiseti upya. Kwa mengi unashikilia swichi juu kwa sekunde chache kioo kikishafunga. Soma kitabu cha gari lako.
6. Ile swichi ya kufunga madirisha ya nyuma iliyo kwa mlango wa dereva haikuwekwa kama urembo. Ukiwa na mtoi ndani, ibonyeze kabla hujang'oa.

Na sheria je?

Traffic Act, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na vifaa vyake viwe katika hali ambayo haihatarishi abiria wala watumiaji wengine wa barabara. Dirisha linaloweza kuvunja mkono haliko hapo. Bima nayo hutaka kujua kama gari limebadilishwa, na ukificha, umewapa sababu ya kukataa kukulipa siku ya shida.

Kwa hivyo ubishi ukianza tena kwa base, una jibu. Sekunde 1 inawezekana ukiwa na mota nzuri, waya nene na kichwa kigumu. Nusu sekunde inataka mlango mzima ujengwe upya. Sehemu ya kumi ya sekunde inawezekana kwa hewa, lakini hiyo si dirisha tena, ni panga lenye swichi. Na kwa simu yako, dirisha la haraka kuliko yote ni lile ambalo limefungwa tayari unapofika kwa jam.